Bi Mitsue Atetea Mchezo wa Mapanga

Bi Mitsue Kuwabara amepiga pasi miaka thelathini na minne katika duka la udobi la familia yake, hapa mtaani Tengachaya, milango mitatu kutoka kwenye duka langu la michezo ya video ya mitumba. Michezo yenyewe hakuwa na habari nayo. Siku moja aliniletea pazia langu, akaganda mbele ya televisheni. Shujaa wa koti refu jekundu alikuwa amegeuka, na pindo likamfuata kwa kuchelewa kidogo.

"Aliyechora koti hili anajua vitambaa," akasema. "Hiyo ni sufu nzito. Nipe huo mchezo."

Ulikuwa Mbweha Mwekundu, mchezo wa mapanga ambao kushinda tu hakutoshi: unakupa alama kwa madaha yako pia, na ukirudia pigo lile lile, alama zinaporomoka. Kufikia mwaka uliofuata, Bi Mitsue alikuwa ameumaliza mara tisa.

Sasa, ukutani kwangu wateja hubandika maoni yao. Mwalimu Tokunaga, mstaafu wa hesabu, akabandika yake: "Mbweha Mwekundu ni urembo mtupu. Bonyeza vitufe ovyo ovyo, utashinda."

Bi Mitsue aliyasoma Jumamosi mchana, uso bado mwekundu kwa mvuke wa pasi. Mwalimu mwenyewe alikuwa pale pale akipekua rafu.

"Mwalimu, haya uliyaandika ukiwa macho?"

"Niliandika ukweli, mama. Koti, nywele, muziki. Ndani hamna kitu."

"Haya, keti. Bonyeza ovyo nikuone!"

Watu wakajaa. Okubo, jirani anayeuza takoyaki, vitumbua vya pweza, aliingia mbio na vijiti vyake vya kugeuzia mkononi. Mwalimu akashika pedi ya kuchezea, akabonyeza kama anayeua mchwa. Adui wa pili akamlaza. Akajaribu tena, akalazwa tena. Mara ya tatu alifika kwa adui mwanamke aliyevaa kimono, joho lenye mikono mirefu, naye akamkata kabla hajapepesa jicho.

"Pedi mbovu hii," akanung'unika.

"Pedi nzima, vidole ndivyo vibovu!" Okubo akadakia.

Bi Mitsue akampokonya. "Tazama mkono wa kimono yake, Mwalimu. Ukivutika nyuma, pigo linatokea kushoto. Ukining'inia, linatokea kulia. Wewe unaita urembo, mimi naita onyo!"

Na akacheza. Jamani, alivyocheza! Akakwepa, akaruka, akakata, akageuka, wala pigo moja halikufuatwa na pacha wake. Alama zikapanda, sauti yake nayo ikapanda, na sisi tukapiga kelele hadi wapita njia wakachungulia. Alipomaliza, televisheni ilimpa daraja la juu kabisa.

Mwalimu akakuna kichwa. "Na hadithi yake je? Ile ya mapacha na mwezi?"

"Hadithi ni ya kipumbavu. Hapo sikupingi."

Mwalimu akacheka hadi miwani ikamtoka, kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo pedi."

Bi Mitsue akasimama nyuma yake kama kocha wa ngumi. "Subiri... subiri, usiwe na pupa... mkono huo! Sasa!"

Upanga wa yule mwanamke ukapita hewani bila kugusa kitu. Mwalimu alikuwa amekwepa! Mzee wa miaka sabini na moja akaruka kutoka kitini, mikono juu, akipiga ukelele. Pigo la pili likamkuta hajatazama hata kidogo, shujaa wake akafa, na hakuna aliyejali, hata Mwalimu mwenyewe.