Dirisha la Nne

Mimi ni fundi wa kompyuta katika hoteli moja hapa Diani, na sifa ziliniponza. Mgeni mmoja aliniachia kompyuta yake ya nyumbani, kikongwe cha miaka ya themanini. Nilikifufua, nikafungua madirisha manne kwenye kioo chake kidogo. Matatu yaliamuru kikongwe chenyewe. La nne, kupitia waya niliouunganisha, liliamuru kompyuta ya mapokezi.

Juzi, baada ya kujigamba kwa kila mpita njia, niliandika amri ya kukizima kipumzike. Hakikuzimika.

"Fundi, kompyuta yetu imekufa!" aliita Bi Mwanasha wa mapokezi. Wageni walikuwa wamepanga foleni.

Nikamgeukia fundi wa umeme, mtu wa umri wa baba yangu. "Mzee Juma, ni nyaya zako hizo!" Maskini, akapanda darini kuzikagua.

Nikaiwasha upya kompyuta ya mapokezi, ikawaka. Nikarudi kwa kikongwe changu, Bi Mwanasha akinifuata kunishukuru, nikaandika amri ile ile.

"Imekufa tena!" sauti ya mwenzake ikatoka mapokezi.

Bi Mwanasha akainama, akasoma maandishi juu ya dirisha nililoandikia amri.

"Fundi," akasema kwa upole, "hapa si pameandikwa Mapokezi?"

Kutoka darini, Mzee Juma akauliza kama sasa ateremke.