Nilivyomwita Mzee Proches Mwizi wa Memori

Nianze kwa kukubali kwamba ni mimi. Yule mwalimu wa kompyuta ambaye watu wa Kiboriloni bado wanasimulia habari zake, aliyefungua laptop kwa bisibisi juu ya meza ya nyanya huku nusu ya soko imemzunguka, ni mimi Felista, na sina pacha wa kumsingizia. Aibu niliipata, nikaimeza, ikashuka. Lakini kwa kuwa kila anayesimulia anairuka ile sehemu ambayo nilikuwa sahihi (na ipo, mtaiona), leo nasimulia mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chumba cha kupanga pale Moshi mjini, jirani na stendi, miaka ile ambayo kila mzazi alitaka mwanawe ajue kompyuta hata kama nyumbani umeme haujafika. Mashine za darasani zilikuwa zile kubwa za mezani, zinanguruma kama mashine ya kusaga, na mimi nilitamani laptop yangu mwenyewe, si kwa ajili ya kazi tu, nisiwadanganye, nilitaka nionekane nimeining'iniza begani. Nikaipata kwa Mzee Proches, mtu wa Rombo mwenye kibanda Kiboriloni, anayeingiza redio, pasi na kompyuta zilizokwishatumika kupitia mpaka wa Tarakea. Mzee mpole, kofia haimtoki kichwani, anayeongea kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Akaniambia ina memori ya megabaiti mia tano kumi na mbili, na kweli kibandiko kilichokuwa pembeni ya kibodi kiliandikwa hivyo hivyo. Nikachukua, na kesho yake nikaingia nayo darasani nimevaa sketi mpya.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoanza. Somo la siku ile lilikuwa kuandika barua, basi, barua tu, lakini mimi nikaona haitoshi, nikaamua kwanza niwaonyeshe wanafunzi namna ya kuangalia sifa za kompyuta, nguvu yake na memori yake, ili waone mwalimu wao siku hizi anatembea na kitu gani. Nikawaita wasogee wote. Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, na palipotakiwa kuandikwa mia tano kumi na mbili pameandikwa mia nne arobaini na nane.

Mwanafunzi wangu mmoja, Mama Koku, mama mtu mzima kutoka Bukoba ambaye mumewe alikuwa kiwanda cha sukari, akavaa miwani, akasoma, akapiga hesabu ya kutoa kwa vidole, kisha akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwalimu, hapa pamenyofolewa sitini na nne."

Ningecheka pale, ningesema nitaulizia, siku ingepita. Lakini neno kunyofolewa liliniingia kama mwiba, mimi mwalimu, mbele ya watu ninaowafundisha, nimeuziwa kitu kilichonyofolewa. Nikafunga laptop, nikafunga darasa, nikasema twendeni. Ndiyo, nilisema twendeni, kwa wingi, kwa hiyo nilifika Kiboriloni siku ya soko nikiwa na Mama Koku upande wa kulia na karibu darasa zima nyuma yangu, kama msafara wa bibi harusi aliyekasirika.

Mzee Proches alikuwa anamfungia mteja redio. Sikumsubiri amalize, na mbaya zaidi sikumwamkia, nikafungua laptop mbele ya uso wake nikamuuliza sitini na nne yangu iko wapi. Akaangalia kioo, akaniangalia, akasema yeye aliipokea hivyo na kuiuza hivyo, na kwamba upande wa kompyuta anachojua ni kuiwasha na kuizima. Maskini alikuwa anasema ukweli mtupu. Mimi nikaona anajifanya, nikapandisha sauti, nikasema amefungua mashine, amekata kipande cha memori, amemuuzia mtu mwingine, na mwisho nikatamka lile neno. Nikamwita mwizi.

Jamani, kuna maneno hayasemwi sokoni. Nililisema mara moja tu, lakini liliruka kutoka kibanda hadi kibanda kwa kasi kuliko nilivyoweza kulikimbiza, na mara nikaona watu wasiomjua Mzee Proches wala mimi wanakuja mbio wakiuliza yuko wapi, na mmoja ameshika mpini wa jembe. Mzee akavua kofia. Ndiyo mara ya kwanza kuona kichwa chake, kilikuwa na upara na kilikuwa kinatoka jasho. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaanza kusema hapana, subirini, ni mambo ya kompyuta, lakini nani anasikiliza habari za kompyuta.

Aliyemwokoa (na kuniokoa mimi pia, maana sijui ningeishije) ni Mama Shirima, mwenyekiti wa soko, muuza nyanya, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo. Akaingia katikati, akamnyang'anya yule bwana mpini wake, akatangaza kwamba hapa hakuna mwizi mpaka yeye aone kilichoibwa. Akasogeza nyanya zake upande mmoja, akaniamuru niweke laptop mezani. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwanza, huyu mzee umemwamkia?"

Nikasema hapana. Akasema basi tuanzie hapo. Ikabidi nimgeukie mtu niliyetoka kumwita mwizi, watu wote wananitazama, nikainama kidogo nikasema shikamoo, na yeye akanijibu, "Marahaba, mwanangu." Mwanangu. Afadhali angenizaba kibao.

Baada ya hapo nikaulizwa kama naweza kuthibitisha. Nikasema naweza, tena sasa hivi, nifungue mashine waone wenyewe. Sikuwa na bisibisi. Bisibisi nikaazimwa na nani? Na Mzee Proches. Nikageuza laptop, nikafungua skrubu (moja ikadumbukia kwenye nyanya, watu wakasaidia kuitafuta), nikanyanyua kifuniko, na kile kipande cha memori kikaonekana pale, kizima, hakina alama ya kuguswa, kimeandikwa juu yake kwa herufi ndogo. Nikasoma kimoyomoyo. Mama Shirima akasema nisome wasikie. Nikasoma kwa kunong'ona.

"Soma kwa sauti ile uliyokuja nayo," akasema.

Nikasoma mia tano kumi na mbili. Sitawaeleza kicheko kile. Mama Koku alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka, na wanafunzi wangu wakaanza kuulizia bei za vitu ambavyo hawakuwa na haja navyo. Mama Shirima akatoa hukumu palepale, kwamba nitakwenda nyumbani kwa Mzee na mtu mzima wa kwetu, na pombe ya mbege, na jani la sale, ambalo sisi Wachagga ukimpelekea mtu uliyemkosea hana namna ila kukusamehe. Nikasema nitalileta, kosa ni langu. Lakini (na hapa ndipo watu hukata hadithi) nikasema pia kwamba kipande kinasema mia tano kumi na mbili na mashine inasema mia nne arobaini na nane, kwa hiyo sitini na nne haipo, na mimi nitaitafuta mpaka niione. Wakacheka tena. Nikaondoka nayo hivyo hivyo, laptop begani, skrubu moja ina harufu ya nyanya.

Na niliiona. Kuna ukurasa unaotokea ukibonyeza kitufe fulani pale unapoiwasha tu, kabla hata haijakukaribisha, ukurasa wa bluu ambao sisi walimu tulikuwa tunawakataza wanafunzi kuugusa kwa sababu na sisi tulikuwa tunauogopa. Nikauingia. Nikasoma mstari mmoja mmoja na kamusi pembeni, mpaka nikafika penye maneno kuhusu picha, na mbele yake, imekaa imetulia, sitini na nne. Kumbe laptop za namna ile, ile sehemu inayochora picha kwenye kioo haina memori yake yenyewe. Inachota kwenye hii ya wote, tena inachota mwanzo kabisa, kama mama anayemtengea baba minofu yake kabla sufuria haijafika mezani, na nyie mnaokuja kula baadaye mnahesabu kilichobaki mnadhani ndicho kilichopikwa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona pale kwenye mstari unaweza kupunguza. Nikaipunguza mpaka chini kabisa, nane, nikaiwasha upya, na ile namba ikapanda hadi mia tano na nne. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani. Siku ya soko iliyofuata nikarudi Kiboriloni, safari hii nikiamkia kila mtu hata waliokuwa wadogo zangu, nikaomba meza ya Mama Shirima, nikaita watu, nikawaeleza habari ya baba na minofu. Nikawaonyesha namba. Wengine wakaanza kutikisa kichwa na kusema kumbe, na Mama Koku (alikuja, nampenda kwa hilo) akavimba kama yeye ndiye aliyegundua. Nilikuwa nimeshinda. Ningefunga kifuniko wakati ule, leo nisingekuwa na mkasa.

Mzee Proches akasogea. Akaniambia anafurahi imepatikana, na kwamba siku aliyoniuzia aliijaribu kwa sidii ya video ya kwaya, anaomba tuiweke tuone sasa inavyocheza ikiwa imepata memori yake yote. Nikaona ni heshima. Nikaiweka. Kwaya ikaanza kuimba vizuri sana, sauti ya kwanza, ya pili, besi imeshiba, na mahali pa picha pakawa dirisha jeusi tii. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, wakaimba ubeti wa pili gizani. Nilikuwa nimemnyang'anya baba minofu yote na yeye amegoma kuchora.

Mzee akangoja ubeti uishe, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Sasa mwanangu, hii mia tano na nne ni ya kutazama au ya kusikiliza tu?"

Kicheko cha safari hii hata mwenye ule mpini wa jembe alikuwemo. Nikairudisha sitini na nne palepale, nikaiwasha upya, wanakwaya wakatokea na majoho yao, soko likapiga makofi, na mimi nikacheka pia kwa sababu nisingecheka ningelia.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda kwa Mzee Proches na shangazi yangu kutoka Masama, ambaye njia nzima hakusema lolote zaidi ya kuniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyewahi kupigania kitu kisichoonekana. Nikatoa sale. Nikasema nimekukosea, nilikuita jina ambalo si lako, na kwa jina hilo ungeweza kuumizwa. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama, akasema yameisha. Mkewe akalia kidogo. Mbege ikanywewa. Kisha Mzee akaniuliza lililokuwa linamsumbua, kwamba akija mteja mwingine amwambie ngapi? Nikamwambia amwambie mia tano kumi na mbili, na amwambie kabisa kwamba sitini na nne ni ya picha. Akasema wateja watamwona tapeli. Nikasema wakimwona tapeli aniite.

Akaniita. Tena zaidi ya mara moja. Nilikuwa naacha darasa naenda kusimama kwenye kibanda chake namweleza bwana mwenye hasira kwamba hajaibiwa, ametengewa, na wengi waliondoka wakinitazama kama mtu aliyehongwa.

Kwa hiyo nimeapa. Sitamwita tena mtu mwizi kabla sijafungua skrubu, na hata nikifungua nitasema kwa sauti ya ndani ya nyumba. Kwa Mzee Proches niliomba radhi na ningeomba tena. Lakini wale, popote walipo, waliobandika namba moja nje huku wakijua ndani utaikuta nyingine, wakaniacha mimi na mzee wa watu tuumbuane sokoni, hao sijawaomba radhi, na wakinisubiri watazeeka.