Mihula Miwili ya Mama Kituo

Mama Kituo alitaka kitu kimoja tu: wifi yake ang'oke kwenye uenyekiti.

Kituo cha kulea watoto wa kina mama wa sokoni alikianzisha yeye, akafua nepi za watoto wa watu mpaka vidole vikachubuka. Kosa lake ni kumpa dada wa mumewe uenyekiti wa bodi. Wifi akaganda kama kupe, miaka nenda miaka rudi. Kikao anaitisha akijisikia, mlezi asiyemnyenyekea anafukuzwa.

Ndipo Mama Kituo, na mvi zake, akaenda kusoma shahada ya uzamili: sera za umma na uongozi wa mashirika yasiyo ya faida.

"Mtu mzima na mkoba wa shule!" wifi alicheka. "Na kengele ikilia utakimbia?"

"Nitakimbia, wifi. We chunga nisikukanyage."

Chuo kile hakikutaka insha tupu. Mwanafunzi aandike sera ya shirika lake, kisha aitetee mbele ya bodi yenyewe, mhadhiri akiwa pembeni anatoa alama. Wenzake walichagua mambo laini, usafi na bustani. Yeye akaandika: kiongozi yeyote asizidi mihula miwili; aliyezidi aondoke, akianza mwenyekiti wa bodi.

Siku ikafika. Wajumbe walikaa kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Mama Kituo akamwaga sera, jasho likimtoka, jicho kwa wifi. Wifi akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Safi kabisa. Kiongozi yeyote, siyo?"

"Yeyote."

"Na mkurugenzi? Au yeye ni mpishi?"

Mkurugenzi ni yeye mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Ile sera aliinoa kwa ajili ya shingo moja, ya kwake hakuikumbuka. Mhadhiri akaacha kuandika.

Angeweza kusema mwanzilishi haguswi. Neno lilikuwa ulimini tayari. Lakini wifi alikuwa ameinama mbele, analingoja kama paka. Likitoka tu, sera imekufa, na wifi atazeeka pale pale.

"Na mkurugenzi," alisema. "Pigeni kura."

Mikono ikanyooka, hata ya wale waliozoea kumwogopa wifi. Wa wifi ulibaki mapajani.

"Umefurahi sasa?" wifi alifoka.

"Sijafurahi hata chembe. Lakini tunatoka wote, na wewe unatangulia."