Kijiti cha Mguu Wangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nimwonapo mtu amepiga goti kufunga kamba za raba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiishi kwa shangazi yangu kule Iyula, na kilichonipeleka Tunduma siku hiyo kilikuwa uongo mdogo, urefu wake vidole viwili.

Kaa hapa, mwanangu. Jana nilikusikia ukimtajia mwenye duka namba ya kiatu kwenye simu, nikajua umeipunguza. Sikukukatiza. Nilicheka kimoyomoyo, maana wakati wangu hapakuwa na simu, na bado nilipunguza.

Enzi hizo mtu wa kijijini akitaka kiatu hakulazimika kwenda sokoni mwenyewe. Ulikanyaga chini, ukakatiwa kijiti kinacholingana na unyayo wako, kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, kisha kijiti akapewa anayekwenda Tunduma. Muuzaji alikilaza ndani ya kiatu hiki, akakijaribu katika kile, mpaka apate kinacholingana nacho. Niliwahi kumwona mama mmoja akipanda gari pale Mlowo na vijiti sita amevifunga kwa uzi, familia nzima mkononi mwake.

Mimi nilikuwa mkimbiaji. Nilikimbia pekupeku kati ya mistari ya kahawa ya shangazi, nikakimbia kwenda shuleni, nikakimbia kurudi. Mwaka ule mwalimu wetu wa michezo alitangaza kwamba mbio za kuchagua timu ya wilaya zingefanyika Vwawa, kwenye barabara ya kokoto, na asiye na raba hatakimbia. Watakaochaguliwa wangekwenda kushindana Mbeya mjini. Nilikuwa sijafika Mbeya. Usiku nilikuwa nikiufikiria mji huo mpaka nikasahau kuvuta blanketi.

Shangazi alinipima asubuhi yenye ukungu, mwezi wa Juni, wakati baridi ya Mbozi inafanya miguu isinyae. Alikata tawi la mti wa kahawa kwa panga, pigo moja. Rafiki yangu Tusa alikuwa amekuja tuongozane shuleni. Akakitazama kijiti, akanitazama mimi.

"Shangazi, hicho ni cha mguu au cha kuezekea banda la mbuzi?"

Shangazi alicheka hadi akashika kiuno. Na mimi nilicheka. Lakini jioni, alipokuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa, nilichukua kisu cha jikoni kisicho na makali nikakikereza kile kijiti mpaka kikawa kifupi kiasi cha kunipendeza.

Raba zilikuja. Mwanangu, zilikuwa nzuri. Za bluu, soli nyeupe kama maziwa. Nilipozivaa vidole vyangu vilijikunja kama watoto watano kwenye kitanda kimoja.

"Zinabana?" shangazi akauliza.

"Hapana. Hazijazoea tu."

Nilifanya mazoezi siku tatu. Siku ya tatu, Jumatano, nilirudi nyumbani nikijikongoja kwa kushikilia ua wa nyumba. Shangazi alinivua kiatu mwenyewe, akaona ukucha umekuwa mweusi na soksi ina damu. Alikasirika, lakini hakunikasirikia mimi.

"Yule mzee ametupunja. Kesho tunakwenda wote wawili."

Mbio zilikuwa Jumamosi.

Aliyetuuzia aliitwa Mzee Hamisi, mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma na biashara ya raba za mtumba. Meza yake ilikuwa kando ya barabara ya mpakani, raba zimening'inia juu kwa kamba zake. Tulifika alasiri. Shangazi hakusalimu.

"Mzee, umetuuzia raba za mtoto wa darasa la pili."

"Karibu kwanza, mama. Kaa. Ugomvi hautakimbia, tutaukuta."

Akavuta kopo chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na vijiti vitupu. Alivitunza vyote kwa ajili ya siku kama ile. "Chenu hiki hapa, cha mti wa kahawa. Watu wa Msangano huniletea mabua ya mtama." Akakilaza ndani ya raba ya bluu. Kilikaa vizuri kabisa. Kisha akakigeuza, akakisogeza karibu na macho. "Mama, ulikikata kwa kitu gani?"

"Kwa panga. Pigo moja."

"Ncha hii ni panga, ninaiona. Na hii nyingine? Hii kuna mtu ameisugua kwa kisu butu, tena kwa haraka."

Ningeweza kunyamaza. Pale mezani mteja Mzambia alikuwa akijadili bei kwa Kibemba, na niliomba aendelee kupiga kelele. Naye akageuka kututazama. Shangazi akageuza shingo polepole.

"Ni mimi," nikasema. "Mguu wangu ni mkubwa."

Shangazi alifunika uso kwa kitenge chake. Mzee Hamisi hakucheka, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo.

"Binti, kijiti kimekubali kupungua. Mguu je, umekubali?"

"Hapana."

"Basi Jumamosi utakimbia na kipi?"

Akaniamuru nitembee hadi kwenye foleni ya malori na kurudi, ili mguu uchangamke. Nikavaa soksi zangu za mazoezi. Nikasimama wima kwenye kipande cha boksi, akachora miguu yote miwili kwa kalamu, na wa kushoto ukawa mrefu kidogo kuliko wa kulia; ndio alioufuata. Akanivalisha jozi ya tano, akabonyeza mbele ya kidole changu kirefu kwa dole gumba lake. Lilienea pale, kati ya kidole na ncha ya raba.

"Sasa kimbia mpaka kwenye lori lile jekundu."

Nikakimbia mbele za watu. Kisigino kilitulia, hakikupanda wala kushuka, na kila kidole kikapata mahali pake. Niliposimama ndipo nilipozitazama. Raba za kiume, rangi ya ugoro, zimeshonwa ubavuni.

"Hakuna nyingine nzuri?"

"Nzuri zipo," akasema. "Zinazokutosha ni hizi."

Alizipokea zile za bluu kuwa badala ya hizi. Njiani, tulipofika Mlowo, shangazi akasema tu, "Mguu huo ni wa baba yako, kaka yangu. Mimi naupenda."

Jumamosi Tusa alinipokea Vwawa kwa kelele. "Umemvua babu yako viatu?" Nikamwambia ndiyo, na babu anataka virudi upesi. Nilimaliza wa tatu. Walichukuliwa wanne. Mbeya niliachwa mbali, ila nilifika, nikala chipsi, nikarudi na furaha ambayo bado haijaisha.

Basi, mwanangu, nakuomba mpigie simu mwenye duka, umwambie ukweli. Vizuri zaidi uende mwenyewe alasiri, na soksi unazokimbilia, usimame, uupe nafasi mguu ulio mrefu zaidi. Namba usiiamini sana, kila kiwanda kina yake. Na anayekuambia kiatu kitapanuka, mwambie avae yeye. Mguu huo unaouona mkubwa umetoka kwa babu yako, umepita kwangu, na hakuna aliyeupunguza akapata faida. Usiuonee haya. Una watu ndani yake.

Mungu akupe njia ndefu, akupe pumzi ya kuimaliza, na siku utakapofika, vidole vyako vyote kumi viwe vimefika pamoja nawe.