Jumla na Jumra

"Jerono, nani alikutuma uchezee programu yangu? Watoto wote wana sifuri! Hata yule namba moja!"

"Madam, mimi niliingiza alama tu. Si uangalie kwanza ndio unigombeze?" akajibu Jerono, karani wa shule.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya kufunga shule, Kitale, mwaka 2005. Saa nne wazazi wangejaa uwanjani wakidai ripoti. Mwalimu mkuu, Zachary, alishasema: zisipotoka, kompyuta zinafungiwa stoo na Lenah, mwalimu wa kompyuta aliyeiandika programu hiyo, anarudi kufundisha darasa la kwanza.

Lenah alitoka kwao Bungoma akijulikana kwa mashairi ya harusi, na programu aliziandika vivyo hivyo. Kazi ya kurudiwa aliifanya kibwagizo: unaitunga mara moja, unaiita kila ubeti. Mstari usio na kazi aliukata bila huruma. Programu ikigoma, aliikariri kwa sauti hadi asikie mizani ilipovunjika.

Akaikariri sasa, akizunguka meza kama aliyekanyaga siafu. Mara ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.

"Vina vimekaa! Basi ni wewe!"

"Hebu nisome mimi." Jerono akasoma polepole. "Jumla ni sifuri. Ongeza alama kwa jumra. Chapa jumla." Akagusa mstari wa pili kwa kidole. "Madam, huyu jumra ni nani?"

Lenah akainama hadi pua ikagusa kioo cha kompyuta. Kwa ulimi wa kwao maneno hayo yalikuwa moja. Sikio lake lisingeyatenga hata angekariri hadi Krismasi. Mashine nayo haikuuliza. Ilifungua sanduku la pili kwa jina la jumra, ikamwaga alama zote humo, kisha ikachapa lile tupu la jumla.

Hakusahihisha herufi tu. Juu kabisa aliandika amri ya kuilazimisha mashine ikatae jina lolote lisilotangazwa mwanzoni, kama mtunzi anavyofungwa na vina vya ubeti wake wa kwanza. Printa ikaanza kukoroma.

Zachary akachungulia mlangoni. "Kelele tangu asubuhi! Nani ameharibu?"

Jerono akatazama sakafu. Lenah angeweza kuisingizia mashine, nani angejua?

"Ni mimi, mwalimu. Na huyu nimemfokea bure. Jerono, nina deni lako la samahani. Pokea mbele ya mkubwa."

"Imeisha, madam," Jerono akasema, akikusanya ripoti. "Lakini ungeniongezea na karamu kidogo."

"Ya kuandikia?"

"Ya kuku."