Msimu Ambao Baba Alitembea

Harufu ya michembe inayochemka ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kijijini Nkololo. Kiangazi bibi alikata viazi vitamu vipande vyembamba, akavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka vikakauka kama magome, kisha akavihifadhi. Mvua zilipoanza alivichemsha taratibu pamoja na karanga zilizotwangwa, na harufu yake, tamu yenye moshi kidogo, ilipenya chini ya mlango hadi kitandani kwangu. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha asubuhi, na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Mchana ugali wa mtama na mlenda. Jioni ugali tena, na choroko au majani ya kunde yaliyokaushwa. Nyama tulionana nayo kwenye arusi na misiba. Nilikuwa na miaka kumi, na niliichukia michembe kwa moyo wangu wote, kwa sababu nilijua kwamba mjini Bariadi, ambako baba na mama waliishi na wadogo zangu, watu waliamka na chai ya sukari na mkate.

Baba alikwenda mjini biashara huria iliporuhusiwa. Alianza na duka dogo, na wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia wakamfanya wakala wao, wakampa ghala, kiti cha kuzunguka na pikipiki. Mimi niliachwa kwa bibi, mama yake baba, ili mzee asibaki peke yake. Kila baada ya wiki kadhaa tulisikia pikipiki ikinguruma, nami nikakimbia hadi barabarani. Baba hakuwahi kuja mikono mitupu. Alileta soda, biskuti, mkate mweupe na sukari. Ujana wake aliumaliza kwenye foleni za sukari, akasimama tangu asubuhi na kurudi na mfuko mtupu. Sasa sukari ilikuwa imejaa madukani, naye alijitilia vijiko vitano kwenye kikombe kimoja na kukoroga polepole huku akitabasamu. Kila aliyefika ghalani kwake alinunuliwa soda, na mwenyeji hawezi kumwacha mgeni anywe peke yake. Alinenepa haraka. Watu walimsifu kwamba mji umempenda.

Bibi peke yake hakumsifu. Siku moja baba alipokuwa amekuja kutusalimia, bibi alimwita nyuma ya ua, mahali ambapo baba alikuwa ametoka kukojoa. Nilikuwa nafagia karibu, nikaona sisimizi wamejaa pale chini, weusi, wakisukumana.

"Ng'wanone," bibi alimwambia, "mwanangu, wadudu hawa wanafuata utamu. Huo utamu unatoka mwilini mwako. Nenda hospitali."

"Mayu, ni uchovu wa kazi tu," baba alijibu akicheka. "Nikipumzika nitakuwa sawa."

Hakwenda. Pamba ilikuwa inaingia ghalani na hakuwa na nafasi ya kuugua. Msimu wa ununuzi ulipokaribia kwisha, alianguka juu ya marobota mbele ya wafanyakazi wake. Hospitali walimkuta na kisukari, wakampa vidonge, na daktari akamwambia apunguze sukari na mafuta, na atembee kila siku. Baba alimwambia mama kwamba kwa kutembea na kula vile, heri arudi kwa mama yake.

Alifika Nkololo mvua za kwanza zilipokuwa zimelowesha ardhi. Safari hii aliletwa na gari la mizigo. Nilikimbia barabarani kama kawaida yangu, nikamtazama mikononi, hana kitu. Naona aibu kuandika hili, lakini niligeuka nikaenda kukaa jikoni na kununa. Baba yangu mgonjwa alikuwa amesimama uani, na mimi nililia soda.

Kesho yake alfajiri bibi alitupa majembe mawili. Shamba letu la pamba lilikuwa mbali, ng'ambo ya mto wa msimu, na nilikuwa nakwenda huko kila siku kabla ya shule bila kufikiria. Baba alisimama kupumzika mara tatu kabla hatujafika mtoni. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya mjini. Akavivua, akavishika mkononi. Watu walitupita wakisalimia, "Ng'wangaluka," naye aliitikia huku pumzi zikimkata na uso ameuinamisha.

"Kabula, tangulia," aliniambia. "Usinisubiri."

Nilimsubiri. Sikuwa nimewahi kuwa naye peke yangu kwa muda mrefu namna ile, wala sikujua kama ningempata tena.

Ndivyo tulivyoanza. Tulitembea kwenda, tukapalilia, tukatembea kurudi, naye akanisindikiza hadi shuleni. Alikula alichopika bibi, akameza vidonge vyake, chai akainywa bila kitu. Siku za mwanzo alikunja uso kama anakunywa dawa ya minyoo, na mimi nilicheka mpaka naye akacheka. Njiani alinifundisha hesabu za kichwa. Alinisimulia alivyokuwa akimkimbia mwalimu wake kwenye njia ile ile, na jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza akiwa amebeba maji. Pamba ilipofikia magoti yangu hakuwa akipumzika tena. Ilipotoa maua, alikuwa ananipita, na suruali zake amezifunga kwa kamba ya katani kiunoni.

Asubuhi moja ndama wa jirani aliingia shambani, akaanza kukanyaga mistari. Baba alitupa jembe akamkimbiza. Walizunguka shamba zima, ndama akiruka na baba nyuma yake, matope yakimrukia hadi kichwani, mpaka akamshika mkia karibu na mto na wote wawili wakaanguka. Aliinuka anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Bibi, aliyekuwa anachuma mlenda ukingoni, aliweka kikapu chini akapiga vigelegele. Nilitamani msimu ule usiishe. Nilikuwa mtoto, nilimwomba Mungu baba asipone kabisa, apone nusu tu, abaki.

Ghala lilifunguliwa mwezi wa sita na pikipiki ikaja kumchukua. Aliniahidi kwamba hata mjini atatembea. Nadhani alijaribu. Lakini mama alinisimulia baadaye kwamba yeye wakala alipoonekana Bariadi anakwenda kwa miguu, wakulima walianza kunong'ona kuwa amefilisika, na kampuni ya pamba nayo ikauliza kulikoni. Akarudi kwenye pikipiki, kwenye kiti, kwenye soda za wageni. Vidonge alivikumbuka alipojisikia vibaya. Nilipokuwa kidato cha pili kiatu kilimchubua kisigino, kidonda kikakataa kupona, wakamkata mguu, na miezi michache baadaye tukamzika Nkololo. Bibi, ambaye bado alikuwa analima, alikaa karibu na kaburi akarudia maneno yale yale, "Niliwarudishia mzima."

Sitaki kudanganya kwamba maisha yale yalikuwa pepo. Tulitembea kwa sababu hatukuwa na usafiri, na mwezi wa pili, mtama wa akiba ukikaribia kwisha, tulilala bila kushiba. Bibi hakuwa na elimu ya lishe. Alipika alichokuwa nacho. Leo ninafanya kazi ofisini hapa Bariadi, mji umekuwa makao makuu ya mkoa, na kutoka kitandani hadi mezani kwangu sipigi hatua mia mbili. Asubuhi bodaboda, saa nne chapati na chai, mchana wali na kuku wa kukaanga, jioni kiti kingine. Mwaka jana nesi alitazama kipimo changu akaniuliza kama kuna mtu wa kwetu mwenye sukari. Nilimtajia baba.

Sasa kila Jumamosi ninashika barabara ya Nkololo kwa miguu, mwendo wa saa mbili, kisha ninageuza. Juzi kijana wa bodaboda alipunguza mwendo kando yangu.

"Mama, panda nikufikishe. Hata bure."

"Asante, mwanangu. Natembea tu."

Alinitazama kwa huruma, akaenda zake. Mwaka huu nimetimiza arobaini na moja. Baba alikufa ana arobaini. Nimempita umri, na barabarani pale, vumbi la pikipiki likitua, nilijikuta nimesimama nageuka nyuma kumtazama baba, kama dada mkubwa anayemngoja mdogo wake apumzike kidogo, ili twende.