Buti la Kushoto

"Hivi mwanangu, huko jeshini miguu ya akiba mnagawiwa ghala gani?"

Mama jirani alimuuliza Sajini swali hilo asubuhi moja kwenye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba za askari. Sajini alikuwa anaanika sare za shule za wanawe watatu. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga imara. Wa kushoto uligusa ardhi kwa ncha ya kidole, kama unaoogopa kuichafua.

"Mama nawe! Nimeukalia vibaya tu."

"Umeukalia tangu mvua zinanyesha, na leo tunakula vumbi. Mguu gani huo unakaliwa msimu mzima?"

Sajini akacheka, akabana nguo ya mwisho, akaingia ndani kuvaa buti. Alikuwa na haraka. Haraka hiyo ilianza siku alipojifungua mtoto wa kwanza, na mpaka leo haijawahi kwenda likizo.

Kazi yake ilikuwa kufundisha kwata, kwa hiyo riziki yake ilikuwa miguu. Kila asubuhi makuruti wa platuni yake waliketi kwenye mabenchi nje ya bweni, wamevua buti na soksi, wameinua nyayo. Sajini alipita akizikagua moja moja, kama mama anayekagua masikio ya watoto kabla ya kwenda ibadani. Ukiwa na lengelenge, zahanati. Ukucha umeota vibaya, zahanati. Aliyejitia ubishi alipewa mahubiri papo hapo.

"Mguu si wako, wewe kuruti! Umeazimwa. Mwenyewe atakuja kuuliza ulimtunzia vipi, nawe utamjibu nini? Kwamba ulikuwa na shughuli?"

Mguu wake mwenyewe haukuhitaji mahubiri. Ulikuwa mguu wa sajini, na miguu ya namna hiyo, kama inavyojulikana, hupona ikikaripiwa.

Balaa lilianzia jikoni. Alikuwa peku, mkono mmoja unakoroga uji, mwingine unapiga pasi, akakanyaga kipande cha glasi, kikamwingia kisigino cha kushoto. Akakitoa mwenyewe kwa sindano ya kushonea vifungo, akafunga kitambaa, akasema atakwenda zahanati akipata nafasi. Nafasi zilikuja, tena nyingi, ila Sajini ni muungwana, aliwapisha wengine. Mtoto wa katikati aliposhikwa na kikohozi, alipelekwa. Mama mkwe alipoumwa jino, akaombewa ruhusa, akasindikizwa mpaka kwenye kiti cha daktari wa meno. Paka alipovimba jicho, naye akabebwa kwenye kikapu kwenda kwa daktari wa mifugo, akatiwa dawa, akarudi anaringa. Kisigino kikabaki kwenye foleni nyuma ya paka.

Baba watoto alikuwa mpakani, analinda nchi. Kila Jumapili alipiga simu.

"Mnaendeleaje?"

"Hatujambo sote," Sajini alijibu, maana kisigino hakikuwa mtu.

Usiku alipiga magoti akawaombea mume, watoto, mama mkwe, makuruti, hata Luteni ambaye hakustahili. Akifika kwake mwenyewe usingizi ulikuwa umeshamchukua. Mungu, bila shaka, alielewa kwamba mwombaji ana kwata asubuhi.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Gwaride la kufunga mafunzo lilikuwa limekaribia, na platuni hiyo alikuwa ameilea tangu haijui kulia na kushoto. Zahanati wakikiona kidonda, wangemwambia akae chini, na platuni ingepewa mwingine. Halafu zingeanza zile sauti za kwenye kantini: si tulisema, mama wa watoto watatu ataweza wapi? Basi akajibunia dawa. Kamba ya buti la kushoto aliizungusha mara mbili kwenye kifundo, akaikaza mpaka mguu ukafa ganzi. Mguu uliokufa ganzi haulii. Ilikuwa dawa nzuri sana, kasoro yake ni kwamba haikutibu kitu.

Koplo wa zahanati, mwanamke mpole aliyekuja na mkoba wake kila asubuhi kuchukua wagonjwa, alikuwa na mazoea ya kumtazama Sajini miguuni.

"Na wewe, Afande? Nikuangalie?"

"Uniangalie nini? Mkaguzi hakaguliwi."

Asubuhi ile ya swali la mama jirani, Sajini alifika kwenye mabenchi na kuanza ukaguzi. Kuruti wa kwanza alikuwa binti mrefu waliyemwita Twiga. Kifundo chake cha kushoto kilikuwa na alama nyeusi imezunguka pande zote.

"Twiga! Nani kakufunga kamba, mbuzi wewe?"

"Nimejifunga mwenyewe, Afande."

Akasogea kwa wa pili. Alama ile ile, mguu ule ule. Wa tatu vilevile. Benchi zima lilikuwa limefungwa kamba kama mifugo ya mnadani.

"Nani kaleta ujinga huu?"

Akajibu yule waliyembatiza Redio, kwa kuwa hajui kuzima.

"Ni mtindo wako, Afande. Buti la kushoto unazungusha mara mbili, unakaza mpaka uso unakunjamana. Tukasema kumbe hiyo ndiyo siri ya kwata yako."

"Siri?"

"Na ule mwendo wa kuvuta kidogo, Afande, tumeufanyia mazoezi nyuma ya bweni. Juzi hata Luteni kausifu. Kasema platuni yetu ina madaha."

Wengine walijiuma midomo wasicheke. Sajini naye angecheka, kama mwisho wa benchi pasingekuwa na kijana mmoja mkimya ambaye vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi.

"Wewe, vipi hivyo?"

"Havisikii tangu jana, Afande."

"Tangu jana! Na ulikuwa unangoja nini? Kwa nini hukusema?"

Kijana akainamisha kichwa. "Wewe husemi, Afande. Nikaona nami nivumilie."

Sajini akavuta pumzi ya mahubiri. Mguu si wako, akaanza, umeazimwa, na hapo maneno yakamgomea. Wote walikuwa wanamsikiliza kwa adabu, nyayo juu, wakingoja yaliyobaki, na yaliyobaki waliyajua kwa moyo.

Koplo wa zahanati akafika na mkoba wake. Akavitazama vidole vya kijana, akavibonyeza, akasema vitarudi kwa kuwa vimewahiwa, ila kijana afuatane naye zahanati sasa hivi. Kisha, kwa mazoea tu, akashusha macho kwenye buti la Sajini.

"Na wewe, Afande?"

Sajini akaketi mwisho wa benchi, pale kijana aliponyanyuka, akainama na kufungua kamba, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Akavuta. Buti halikutoka. Akavuta tena, jasho likamtoka, mguu uliovimba ukaling'ang'ania buti. Makuruti walikuwa wamesahau hata kushusha nyayo.

"Koplo," akasema, "nivulie hili la kushoto, taratibu. Na hawa waache watazame."